Safu ya Kumi na Nne

Kazi yangu ni kuuliza swali moja
mara mia nne kwa siku, ndani ya tramu namba kumi,
Wrocław, majira ya baridi, madirisha yamefumba kwa pumzi za watu:
Tiketi?
Hujipapasa. Mfuko wa koti, wa suruali,
simu iliyozima sasa hivi tu, mama, naapa.
Nimezisikia zote. Wajomba wamekufa na kufufuka.

Leo naulizwa mimi.

Nilikuwa na tiketi mbili, fainali ya voliboli, Katowice,
safu ya kumi na nne, viti vya saba na nane:
changu, na cha dada yangu Jagoda,
kabla hatujagombana kwa ajili ya sufuria ya mama.
Ndiyo, sufuria. Ya chuma, imekatika mkono mmoja.
Usinicheke, hujui supu zilizopikwa humo.
Nikaziuza mtandaoni, zloti mia sita na arobaini.
Mnunuzi: Ignacy Pawlik, wa Opole.
Alilipa kabla chai yangu haijapoa.
Nikamtumia. Akajibu: Asante, bibi, umeniokolea Jumamosi.

Wiki mbili baadaye kampuni ya malipo ikaniandikia
kwa adabu ile ya daktari wa meno:
Mnunuzi anadai hakupokea kitu.
Fedha zimezuiliwa. Una siku kumi.
Wasilisha ushahidi wa kufikisha mzigo.

Mzigo gani? Haukuwa na uzito.
Haukupita posta, hakuna tarishi aliyeusaini;
ilikuwa mistari myeusi tu kwenye kioo cha simu.
Bidhaa isiyoshikika, wakasema, haina kinga.
Nikakaa jikoni nikiwaza vyote nilivyowahi kutoa
visivyoshikika,
na risiti sina hata moja.

Nikapiga simu uwanjani. Binti mmoja, mafua yamembana,
akanisomea: Geti C, saa moja na dakika arobaini na mbili usiku,
zote mbili, zimeachana sekunde tatu.
Ha! Njia ya mwongo fupi, nikasema kwa sauti,
paka akaruka kutoka mezani.

Nikamwandikia Ignacy. Maneno yale sitayarudia hapa.
Akajibu usiku wa manane:
Bibi, mimi sikwenda. Nilimpelekea mwanangu Tymek
aende na mama yake. Tuliachana Machi.
Nikamuuliza, mechi ilikuwaje?
Akasema, hazikufika, baba. Kama kawaida yako.
Nikaamini. Ningefanyaje?

Basi nikatafuta. Uwanja hutundika picha za mashabiki,
vichwa kama punje za mtama,
jioni tatu nikavuta, nikakuza, safu kwa safu
hadi ya kumi na nne.
Kiti cha saba: kijana, kofia ya kijani ya sufi,
kofia ileile iliyo kwenye picha ya Ignacy, kando ya jina lake,
baba na mwana, theluji imewafika magotini.
Kiti cha nane: si mama.
Mwanamume mwenye ndevu, mkono begani kwa Tymek,
wote wawili midomo wazi,
mpira uko hewani mahali fulani nje ya picha.

Dawa ya deni kulipa.
Hili nalo, sijui ni la nani.

Siku ya kumi nikatuma saa ya geti.
Picha sikutuma.
Wakajibu asubuhi: Rekodi ya geti haioneshi nani aliingia.
Shauri limefungwa.

Mia sita na arobaini. Usidhani mimi mtakatifu,
bado nazihesabu nikipanda ngazi.
Nilimpigia Jagoda kumweleza; alicheka mno,
kisha akauliza kama ule mkono wa sufuria
unaweza kuchomelewa.

Jana, karibu na stesheni, mama mmoja akajipapasa:
nilikuwa nayo, naapa, nilikuwa nayo hapa hapa.
Tafuta vizuri, nikamwambia.
Nikashika nguzo, nikangoja hadi kituo kilichofuata,
na kingine.